Ndege wa Robi na Wimbi la Arusi

Mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hana haja ya kugombana, anatazama tu juu, mimi nafunga mdomo, maana waliokuwepo ukweni siku ile bado wanakumbuka na wasiokuwepo wamesimuliwa, wengine kwa kuongezewa chumvi. Basi leo nisimulie mwenyewe, aibu ni yangu.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nimetoka Itiryo kwenda kuwasalimu wakwe zangu watarajiwa ng'ambo ya mto Mara, nimevaa suruali nyeupe ya kuazima (nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, kwa hiyo nilijua kila kitu). Nikakuta wimbi, yaani ulezi, limeanikwa juu ya ngozi za ng'ombe, uani na nyuma ya nyumba, wimbi lote la pombe ya arusi yetu, na baba mkwe alikuwa ameshasema bila pombe hiyo hakuna arusi mpaka mavuno mengine.

Tukiwa tumekaa, Robi, mchumba wangu, akasimama akitazama mbali juu ya milima, kwenye vitone vyeusi ambavyo hata huwezi kusema vina mabawa.

"Tuanue," akasema. "Wale ni ndege wa mvua."

Nikacheka. Nikamwambia wale ni mbayuwayu tu, hawa hawa wanaofuata ng'ombe, na kitabuni nimesoma kwamba mbayuwayu wakiruka juu, mvua hakuna.

Hakukasirika. "Mwalimu, tazama wanavyoruka. Mbayuwayu wa ng'ombe anapiga mabawa, anateleza kidogo, anakata kona, anarudi palepale, akichoka anatua. Wale wamekaza mabawa, wanakuja upande huu tu, hawatui. Wako mbele ya mvua, wanakula wadudu wanaopeperushwa na upepo."

Jamani, nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi, nikaona vitone tu, na yeye anavisoma kama mimi ninavyosoma ubaoni. Moyoni nilimstaajabia sana, niseme kweli, lakini baba yake alikuwa ananiangalia, na mwalimu mzima nitafundishwaje na msichana? Nikamgeukia baba mkwe, nikasema, "Tata, liacheni likauke. Ikinyesha nitalizoa mwenyewe."

Mzee akaheshimu elimu yangu. Nami nikaendelea kumweleza habari za mawingu, kwa kirefu, hata sikuona Robi alikokwenda.

Mvua ilikuja na wale ndege wakipita juu yetu, mabawa yamekazwa kama alivyosema. Nikapiga magoti uani kuzoa wimbi kwenye tope, suruali ya watu ikachanika nyuma kuanzia juu mpaka chini, nikajaza ungo mmoja, nikakimbilia mlango wa karibu, na kwa kuficha ule mpasuko nisionwe na wazee nikaingia kinyumenyume. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe amekaa jikoni kwake.

Sisi Wakurya mama mkwe unamkwepa hata njiani, sasa mimi nimeingia nyumbani mwake, tena nimetanguliza sehemu ile. Mama akajifunika shuka usoni. Nikatoka mbio, nikateleza, ungo ukamwagika wote miguuni pa baba mkwe.

"Arusi imekwenda na maji," akasema mzee, taratibu, na mimi nikalia, mtu mzima, mbele ya ukoo.

Ndipo Robi akatokea ghalani, amelowa, akasema wimbi la nyuma ya nyumba lote liko ndani, pombe itatosha.

"Umelianua saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ulipokuwa unafundisha."

Nilipeleka mbuzi wa kumwomba mama radhi, na arusi ikafanyika. Tangu siku hiyo vitone vikionekana mbali namuuliza Robi kwanza, wale ni wa ng'ombe au wa mvua, na kabla hajajibu nimeshashika ungo.