Mbuzi wa Atabo Mbele ya Jaji

Nakaale alizaliwa kando ya laga, mto wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, nje kidogo ya Kakuma, na hata baada ya kuolewa Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, na kufungua kibanda chake cha mitumba, ukimuuliza kwao ni wapi hakutajii mji wala lokesheni. Anakutajia kisima. Kisima cha shangazi yake Atabo, ambacho mafuriko hukifukia kila mvua, na kila kiangazi Atabo hukichimba tena pale pale, bila alama yoyote ambayo mimi na wewe tungeiona.

Kwa hiyo malori ya mchanga yalipoanza kuingia lagani, kwa Nakaale ilikuwa kama watu wameingia jikoni kwake. Mkandarasi mmoja alikuwa na kazi ya ujenzi, akaona pale kuna mchanga mzuri tena wa bure, akaleta tingatinga. Kadiri mchanga ulivyoondoka ndivyo maji yalivyozama. Kisima ambacho zamani mtu alichota kwa kuinama tu, sasa kilitaka watu wanne au watano wasimame ndani, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana karai na kuimba ili wasichoke.

Wakati huo Nakaale alikuwa amehitimu mafunzo ya msaidizi wa kisheria katika shirika moja dogo la Lodwar, mafunzo ambayo jirani zake waliamini ni ya kunywa chai na kula mandazi. Basi akafunga kibanda, akaenda Kakuma, akazunguka boma kwa boma akiwaeleza watu kwamba maji yana sheria yake na kwamba hata wao wanaweza kushtaki. Wengine walimcheka. Shangazi Atabo hakucheka. Alikubali jina lake liandikwe la kwanza. Wakili Lokiru, kijana wa shirika lile aliyevaa suti hata jua likiwa la kupasua kichwa, akaipeleka kesi mahakamani Lodwar.

Mkandarasi alijibu kwa kifupi. Alisema laga ile ni mchanga mtupu, na visima vinavyosemwa vimo kwenye hadithi za wazee tu. Lokiru akaomba mahakama iende ikajionee yenyewe, na jaji, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akakubali.

Nakaale alitangulia kwenda kuwaarifu watu wake. Aliwaambia jaji wa serikali anakuja, anakuja na magari, na anataka kuona maji yao. Wazee wakatikisa vichwa wakasema wamesikia. Shangazi naye akasema amesikia. Nakaale akarudi zake Lodwar na moyo mweupe, akalala usingizi wa mtoto.

Siku ya siku ikafika, na msafara ukasimama ukingoni. Nakaale alishuka, akatazama. Laga yote ilikuwa nyeupe, laini, imenyooka kama kitanda kilichotandikwa. Hapakuwa na kisima, wala hori, wala kinyesi cha mbuzi.

Alielewa papo hapo, na alijilaumu yeye mwenyewe. Watu wa laga wakisikia magari ya serikali yanakuja kuangalia maji, hufanya walichofanya bibi zao: hufunika kisima kwa matawi ya miiba ya mathenge, humwaga mchanga juu, hufagia nyayo na kupeleka mifugo mbali. Utotoni Nakaale mwenyewe alikuwa akishika tawi na kufagia. Miaka ya Kanamkemer, ya maji ya bomba na foleni zake, ilikuwa imemsahaulisha. Sasa ni yeye, kwa mdomo wake, aliyewafanya wafiche ushahidi wa kesi yao wenyewe.

Wakili wa mkandarasi alikohoa kwa adabu, akasema Mheshimiwa amejionea kwa macho yake. Alisema hivyo bila kutabasamu, lakini mabega yake yalikuwa yanatabasamu. Lokiru alijifuta jasho na kumtazama Nakaale kwa jicho la kuuliza.

Atabo alikuwa amekaa ukingoni, shanga zake zote shingoni, na uso wa mtu asiyejua lolote duniani. Kando yake alikaa rafiki yake Adau, mama wa Sudan Kusini kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mitungi yake mitupu. Hata Adau, aliyezoea kuchota hapo, alikuwa ameambiwa leo hakuna maji. Nakaale alichuchumaa mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, fungua."

"Nifungue nini?"

"Wasipoyaona leo, malori yatarudi kesho na karatasi ya mahakama."

"Na wakiyaona?" Atabo aliuliza. "Mama yangu aliwahi kuwaonyesha. Wewe umewahi kunywa kwenye kisima cha mama yangu?"

Kisima hicho cha bibi yake kilikuwa nyuma ya uzio wa serikali tangu kabla hajazaliwa, kimewekwa pampu, pampu imekufa, na mlinzi yupo hadi leo. Shangazi hakuwa mjinga hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Nakaale. Mahali pa kuchimba alipajua. Angeweza kwenda kupachimba kwa mikono yake mbele ya jaji, na kesi ikapona. Lakini kisima ni cha aliyekichimba, na mtu wa laga hafungui cha mwenziwe bila ruhusa. Alibaki amechuchumaa, machozi yakimlengalenga.

Jaji alisubiri kwa muda, akamnong'oneza karani, akaanza kurudi kwenye gari.

Jambo moja wazee walikuwa wamelisahau katika ujanja wao wote. Siku ile ilikuwa siku ya mbuzi kunywa. Mbuzi wa Turkana huvumilia kiu siku yake ya kuvumilia, lakini ikifika siku ya kunywa, hakuna mchungaji wa kuwazuia. Kwanza lilionekana vumbi, kisha zikasikika kengele, halafu wakamwagika kutoka nyuma ya kilima, wachungaji wakiwakimbilia bure. Wakashuka lagani, wakapita kati ya magari na mawakili, wakagawanyika. Kila kundi likaenda mahali pake, likasimama kwenye mchanga mtupu, likalia.

Jaji aliondoa mkono kwenye mlango wa gari.

"Wakili," alimwambia yule wa mkandarasi, "hawa nao wamekuja kwenye hadithi?"

Jike mmoja mwekundu wa Atabo alikuwa ameanza kuparua mchanga kwa kwato. Atabo alimtazama akiparua, akavumilia, akashindwa. Alisonya, akainuka.

"Wameniuza," alisema, akaenda kuondoa matawi.

Baada ya hapo laga nzima ilifunguka. Watu wakaingia visimani, makarai yakaanza kupanda, na Adau akawa wa pili katika mstari wa Atabo, akiimba wimbo wa Kiturkana kwa maneno aliyoyajua nusu. Jaji alivua viatu akasogea, akaomba naye aonje. Atabo akamjibu kwa Kiswahili chake.

"Mama jaji, ngoja kidogo. Hapa mbuzi nakunywa kwanza, mtu baadaye. Na wewe ni mgeni, uko mwisho."

Lokiru alifumba macho. Jaji akangoja. Alingoja mbuzi wote wamalize, watu nao wanywe, ndipo akapokea bakuli la mbao, akanywa, akauliza kwa nini walikuwa wamefunika.

"Kwa sababu mlikuwa mnakuja," Atabo alisema.

Jaji alimwambia karani aandike vile vile.

Hukumu ilisomwa Lodwar, kwa Kiingereza kirefu, na jibu la Atabo lilikuwemo ndani yake. Nakaale alikaa benchi la nyuma akiwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Waliposikia kwamba malori yatoke, yasirudi, na kwamba maji yale ni ya wanaoyachimba, Lokiru aligeuka akamtafuta kwa macho. Nakaale alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibeba tangu siku ile ukingoni, akalia bila aibu, akapanda gari la Kakuma na macho mekundu.

Alimkuta shangazi kisimani. Alimweleza yote kwa lugha yao, polepole, na Atabo akasikiliza bila kuacha kunywesha mbuzi. Alikuwa bado anaeleza pale gari jeupe la serikali lilipotokea barabarani na kukata kona kuja lagani. Mkono wa Atabo ulienda wenyewe kwenye matawi ya mathenge. Ukakaa hapo kidogo. Kisha ukarudi kwenye karai.

"Waache waje," alisema. "Watasubiri nyuma ya mbuzi."