Ng'ombe wa Arobaini ya Baba

Baba yetu Nasoro alichinja ng'ombe miaka thelathini hapa Lubumbashi, na hakumchinja hata mmoja aliyetoka safarini kabla hajamwona anacheua. Ng'ombe mwenye hofu au kiu hacheui. Baba alisema Mungu ametuhalalishia nyama, hakutuhalalishia mateso. Wachuuzi wa nyama walinung'unika, wengine wakatafuta mchinjaji mwingine. Yeye alikaa juu ya debe, tasbihi mkononi, akingoja taya za mnyama zianze kusaga.

Alifariki mwaka wa 1976. Kwa arobaini yake, mama yetu Kulthumu aliomba jambo moja tu: maksai wa hitima achinjwe kama baba mwenyewe angemchinja.

"Kama si vile," alisema, "munipikie maharagi."

Maksai aliletwa saa mbili asubuhi, kwa lori la jirani yetu Mulenga, kutoka upande wa Sakania. Alikuwa amefungwa miguu tangu jana yake. Tulimfungua, akasimama kwa shida uani kwetu Kamalondo. Nikamwekea maji. Alinusa, akageuza kichwa.

Saa nne, hajanywa. Saa tano, hajanywa. Yuma, mdogo wake baba, aliyerithi kisu chake, akaanza kuzunguka uani.

"Feza, bageni banakuya kisha alasiri. Tutabapa nini, moshi?"

"Baba mudogo, mama alisema tungoje."

"Yaya yangu, baba yako, alizaliwa na subira yote ya nyumba yetu. Miye balinizala wakati imekwisha."

Mulenga akacheka, ameegemea lori lake. "Yuma, uyu ngombe anajua jina yako. Ndiyo anaogopa."

Mimi sikucheka. Niliogopa kwamba tungemwombea baba kwa Mola wake, huku tukila nyama ambayo yeye aliikataa maisha yake yote.

Mama akatoka chumbani. Akainama juu ya beseni la maji, akanusa.

"Feza, beseni ii mulifanyia nini asubui?"

Ndipo nilipokumbuka. Humo ndimo nilimooshea matumbo ya mbuzi tuliyemchinja alfajiri kwa ajili ya wasomaji wa Kurani. Nilikuwa nimelisuuza mara moja tu, kwa haraka. Kila mnyama yule alipotaka kunywa, nilimnusisha damu. Mimi, binti wa Nasoro.

Nilichota maji mapya kwa ndoo ya kuogea. Tukamhamishia maksai nyuma ya jiko, mbali na pale alipochinjiwa mbuzi. Mama akamlowanisha pua kwa kiganja. Alikunywa ndoo mbili, ya tatu akaiacha nusu, kisha akalala juu ya mabua ya mahindi.

Tukaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, Yuma alikuwa amekaa juu ya debe la baba, kisu kimefungwa ndani ya kitambaa. Alinionyesha kwa kidevu. Taya zilikuwa zinasaga, polepole.

"Anacheua," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini. "Alhamdulillahi. Yaya ataniuliza mengi siku ya kiama, lakini si ili."

Wageni walikula baada ya magharibi. Hakuna aliyeondoka na njaa wala kwa hasira. Mchuuzi mmoja mzee alisema, "Kwa Nasoro tulizoea kungoja."

Na mama, ambaye kwa siku arobaini alikuwa akionja tu, alisukuma sahani yake ya bukari, ugali wetu, kwangu na kuomba mchuzi zaidi.