Safari ya Masomo Vanga, Tuliyopewa Pole Njia Nzima

Shoga yangu unayesoma, wewe nakuhesabu mtu wa uani kwangu, kwa hiyo sitakuficha kitu. Watu wa Tanga wanasema sisi tulikwenda Vanga kula. Kula tulikula, siwezi kukana, maana kuna siku nitaulizwa na Mola wangu. Lakini hilo silo lililotutoa majumbani.

Kilichotutoa ni mlango. Darasa letu la jioni, la sisi mama watu wazima, lilikuwa katika chumba cha nyuma cha chuo. Watoto wakimaliza Kurani alasiri, sisi tunaingia kushika chaki. Ufunguo alikuwa nao Mzee Bakari, mkubwa wa kamati ya chuo. Siku moja akatuita.

"Mama zangu," akasema, "chumba kinatakikana. Kamati inauliza: mwanamke akishajua kuandika jina lake, anataka nini tena?"

Akatupa muda mpaka mwezi uandame. Tukikosa jibu, anafunga. Mimi wakati huo ndiyo kwanza nafika pa kusoma mstari mzima bila kusaidiwa. Nililia, wallahi.

Mwenyekiti wetu, Bi Rehema, ambaye hata kucheka hucheka kama yuko kikaoni, akapata shauri. "Wenzetu wa Vanga wana skuli ya wanawake, sifa zake zimefika huku. Twendeni nje ya nchi tukajifunze wamewezaje."

Nje ya nchi! Kweli Vanga iko Kenya, ng'ambo ya mpaka. Lakini Bi Rehema huyo huyo kila mwaka huenda kule kuzika na kuoza, na shangazi zake nusu wako kule. Siku hizo anasema anakwenda kwa shangazi.

Basi tukaanza kupanga. Vikao vya kwanza vilikuwa vya sare. Kanga nyekundu ikakataliwa, ati ni ya harusi. Ya njano ikakataliwa, inamchusha Bi Rehema. Tukaishia nyeusi, kwa heshima. Kikao kingine kikawa cha chakula cha njiani, na kingine cha nani akae karibu na dereva. Nikanyoosha kidole: "Na tukifika tutawauliza nini?"

"Mama Saumu, usituvuruge," Bi Rehema akanijibu. "Hilo halimo katika mambo ya leo."

Tanga, baada ya sala ya alfajiri, tukapanda gari wanawake watano, na mjomba wake Bi Rehema ili tusionekane tumetupwa. Mjomba akalala kabla gari halijawaka. Dereva akatutazama, kanga nyeusi, vikapu, nyuso za usingizi, akavua kofia.

"Poleni mama zangu. Nani katutoka?"

"Hakuna aliyekufa," akasema Bi Rehema. "Tunakwenda masomoni."

"Mungu amrehemu hata hivyo," akasema dereva, akaondoa gari.

Moa ndipo gari lilipoishia. Mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua alipotuona tu akaanza kulia. Ikabidi Bi Mwanaidi amshike bega ambembeleze. Bi Mwanaidi ni mke wa Mzee Bakari, yule yule wa ufunguo. Mwanamke mpole, hasemi ila akiulizwa. Mama wa vitumbua alipotulia akatupa ubani, tukauchomee huko.

Mpakani, tukiwa tumekwisha pita Jasini kwa miguu, askari akatusimamisha.

"Wapi?"

"Ng'ambo," akasema Bi Rehema, amevuta pumzi. "Ziara ya masomo."

"Masomo ya nini?"

Tukatazamana. Vikao vyote vile, hakuna aliyejua. Ndipo Bi Mwanaidi akasema polepole, "Msiba, mwanangu."

"Aa, poleni. Piteni."

Mbele kidogo nikamvuta. "Mwanaidi, umesema uongo, na udhu wako huo!"

Akanitazama. "Kwani darasa likifa si msiba?"

Nikachukua kikapu changu, tukaendelea.

Vanga tuliingia adhuhuri. Mwenyeji wetu, Bi Mwanasha, ndiye mkubwa wa wanawake wanaosoma kule, akatupokea kwa vigelegele na mkeka mpya. Ukaja wali wa nazi, ukaja samaki wa kupaka, zikaja tambi.

"Na skuli, Bi Mwanasha?" nikauliza.

"Kula kwanza, mama. Mgeni haulizi hajanawa mikono."

Tukanawa. Tukaambiwa tupumzike. Alasiri ikaja mikate ya kumimina na chai.

"Skuli je?"

"Kwani inakimbia? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyie leo ndiyo ya kwanza."

Shoga, waume zetu walitupa ruhusa ya kulala mara moja tu! Siku ya tatu tunayoambiwa, sisi tutakuwa Tanga, na mwezi u karibu kuandama. Nikamwambia Bi Rehema. Alikuwa akichambua mwiba. "Wenzetu wameendelea," akasema. "Onja hiki kichwa."

Vanga, asubuhi ya pili, niliposikia harufu ya maandazi nikajua tunazikwa. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni bila kukaribishwa.

"Bi Mwanasha, nihesabu nimefika siku ya tatu. Nipe jembe."

Akacheka. Akaona mimi sicheki. "Kukupa kazi ni kukuvunjia heshima, Mama Saumu."

"Ivunje."

Akanipa mbuzi na nazi. Nikakaa kukuna, uso nimeelekeza ukutani. Ukuta ulikuwa mweusi ti kwa masizi, na juu ya masizi kuna herufi nyeupe za chaki. Nikasoma: *Moto hauulizi kuni zimetoka kwa nani.* Nikasoma mstari mzima, peke yangu, mkono umesimama juu ya nazi.

"Hii nini?"

Bi Mwanasha akainamisha kichwa. "Ndiyo hiyo skuli. Chumba tulikuwa nacho, wanaume wakakitaka. Tuliposikia mnakuja na sare, tukaona haya. Tukasema, tuwalishe mpaka siku zao ziishe."

"Na wanaume hawajaja kuwafukuza huku?"

"Jikoni kwangu?" Akashika kiuno. "Kamati gani itafunga jiko, mama? Itakula nini?"

Nikawaita wenzangu. Tulisoma pale mpaka sufuria ikaungua, na Bi Mwanaidi aliusoma ukuta wote.

Kurudi, mpakani, askari akauliza, "Mmezika salama?"

"Tumemkuta mzima, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi.

Tanga, mbele ya kamati, Bi Rehema akatoa taarifa. Akaisifu skuli ya Vanga, madirisha yake, madawati yake, mimi namkanyaga mguu hasikii. Mzee Bakari akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi na nyie jengeni kama hiyo." Akafunga chumba, ufunguo akautia kibindoni.

Tukatoka. Kwenye kona Bi Mwanaidi akatuambia, bila kuulizwa na mtu, "Ukuta wa jikoni kwangu una masizi mazuri."

Sasa Mzee Bakari akirudi kutoka msikitini jioni hukohoa mlangoni kwake, asije akakuta wake za watu. Na sauti humtoka mkewe kule ndani: "Subiri kidogo, baba Halima. Mstari haujaisha, na wali haujaiva."

Mimi nilichojifunza ni kwamba ukiwa na haja ya kweli kwa watu, usingoje siku ya tatu. Omba jembe mapema.

Basi, shoga, usikae na maneno haya peke yako. Mpe jirani asome, naye ampe mwenzake, na asiyejua kusoma mleteni jikoni. Mwanamume akiuliza mnapeana nini, mwambieni ni mambo ya jikoni. Hamtakuwa mmesema uongo.