Hita ya Mama

Enzi zetu, ninyi mliokulia Nkoaranga na vilima vya jirani ni mashahidi wangu, gari moja lilitosha kijiji kizima. La Baba lilikuwa dogo, la kijani, na mlango mmoja ulifunguka kwa nje tu. Lilibeba wagonjwa, mikungu ya ndizi na maharusi, na harusi zikiisha lilirudisha masufuria ya watu. Vijana wa leo wanakupa lifti halafu wanakuomba radhi kwa sababu redio haishiki simu. Sisi tulimwambia mgeni anyanyue miguu, maana sakafu ilikuwa na tundu na njia ilikuwa na madimbwi.

Lakini gari lile lilikuwa na hita, na hita ndiyo iliyokuwa fahari ya Baba. Mnaijua Julai ya Meru. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu mpaka saa nne, nguo kwenye kamba siku tatu bado mbichi. Mama alikuwa na pumu, na shule alikofundisha ilikuwa kule chini, Maji ya Chai. Kila asubuhi, tukishakunywa uji, Baba aliwasha gari mapema lipate moto, akamfunika Mama blanketi kwenye kiti cha mbele, akafungulia hita. Kisha alikagua vioo kimoja kimoja kama vimefungwa. Mlima mzima uliamini kwamba upepo wa baridi ndio unaoua wenye kifua. "Funga kioo, baridi inaingia," ndiyo sentensi niliyoisikia utotoni zaidi kuliko sala.

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, gari likaanza kunukia utamu. Mimi na dada yangu tuliipenda ile harufu, ilitukumbusha peremende. Zulia la miguuni kwa Mama likawa linalowa, na kioo cha mbele kikawa na ukungu wa ajabu, wenye mafuta. Mama alikuwa akiupangusa kwa kanga nao ukazidi kusambaa.

Fundi Seif wa Maji ya Chai aliingiza kichwa chini ya dashibodi akatoka na jibu. Ndani mle kuna rejeta ndogo, maji ya moto ya injini hupita humo, na feni hupuliza joto kwa abiria. Ilikuwa imetoboka.

"Baba Anaeli, hii tuikate," alisema. "Naunganisha mipira miwili, maji yanarudi kwenye injini, umemaliza."

"Halafu Mama Anaeli apande jokofu?" Baba alimjibu, akafunga boneti mwenyewe.

Rejeta mpya ya gari lile haikupatikana mjini. Basi Baba akawa ananunua kulanti, yale maji ya kijani, anajazia kila asubuhi, na gari likaendelea kuvuja. Mama akawa anakohoa zaidi. Kadiri alivyokohoa, ndivyo Baba alivyozungusha kitufe cha hita mpaka mwisho. Asubuhi moja nilimwona Mama akishusha kioo, vidole viwili tu. Baba hakugomba. Aliinama juu yake, akakipandisha, akamchomekea blanketi vizuri mabegani.

"Asante, Baba Anaeli," Mama alisema.

Alifariki Agosti ile. Watu walisema pumu, na kweli ilikuwa pumu. Matanga yalipokwisha Baba aliliteremsha gari kwa Fundi Seif, hita ikakatwa. Nilidhani ni kwa sababu hakukuwa tena na wa kuihitaji.

Mwaka huu, mwezi wa sita, gari langu, ambalo nalo ni la zamani, likaanza kunukia ule utamu. Nakiri nilifurahi kama mjinga. Nilifunga vioo nikaivuta harufu kwa nguvu, kwa kuwa ilikuwa harufu ya Mama. Siku ya tatu kichwa kikauma, nikaenda kwa fundi Ngaramtoni, kijana wa suruali iliyochanika magotini kwa makusudi.

"Shikamoo mzee. Shusha vioo kwanza," alisema kabla sijazima injini. "Huo mvuke si wa kuvuta. Ungekuwa na pumu ungeniletea kesi hapa."

Nilikaa kwenye tairi lililolazwa chini. Sikumfikiria Mama kwanza. Nilimfikiria Baba. Amevuka miaka themanini, anaishi peke yake kule juu, na kila mjukuu amesikia maneno yake: bibi yenu hakuwahi kupigwa na baridi ndani ya gari langu. Ndilo pumziko alilobaki nalo. Niliapa sitamwambia.

Jumapili nikapanda kwake, hita imekatwa, vioo viko wazi, nimevaa sweta mbili. Alinipokea uani, tukala loshoro, mahindi yaliyopikwa na maziwa ya mgando, kisha akaniuliza mbona nasafiri na vioo wazi kwa baridi ile.

"Hewa tu, Baba."

"Hita inavuja?"

"Ilivuja. Nimeikata."

Aliweka kijiko chini. "Seif aliniambia habari ya ule mvuke," akasema. "Siku ile ya kuikata. Aliniuliza kama mama yenu alikuwa akikohoa zaidi akiwa garini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hapana."

Moyo uliniuma, na unaniuma ninapoandika. Miaka yote ile mzee alikuwa anajua, na kila alipowaambia watoto wa dada yangu na wanangu maneno yale, alikuwa anajua. Nilimshika mkono, akaniachia nikaushika, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya.

Wanangu wakiumwa ukucha nyumba nzima inajua, na majirani wanasoma kwenye simu zao kabla chai haijapoa. Nimewacheka sana kwa kudeka kwao. Sisi tulilelewa vizuri, tulikuwa na adabu, hatukusumbua watu. Nilipokuwa nashuka Nkoaranga jioni ile, binti yangu mdogo alinipigia simu kulalamika kwamba koo linamkereketa, nikasimamisha gari pembeni nikamsikiliza mpaka akachoka yeye mwenyewe.