Winifred Hapigi Hodi

Neno la kwanza Winifred Beddoes aliloniambia maishani lilikuwa, "Funga geti." Nilikuwa nimeolewa kijijini wiki ileile, nimesimama kwenye tope la malisho na viatu vya mjini, natabasamu kama mjinga. Hakuniuliza jina wala nilikotoka. Alinitazama miguuni, akalitazama geti, akatoa hilo neno lake, akapita. Nilimchukia papo hapo, na chuki ile nikaitunza vizuri kwa miaka mingi.

Sikuwa peke yangu. Winifred alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na watoto wa vizazi viwili walikula viazi vyake vya kuponda huku wakitetemeka. Watu wa Shropshire, huku kwetu Uingereza, husema samahani hata kwa kiti wakijigonga. Yeye hakuwahi kumwambia mtu samahani, wala asante, wala tafadhali. Ukimwambia, "Mvua leo imezidi, Bi Beddoes," anakujibu, "Naiona." Mumewe alifariki mapema, na Godfrey Pryce, mwenyekiti wa baraza la kijiji, alikuwa na mzaha wake kwamba marehemu alijiwahi kutoroka.

Hakuna aliyegonga mlango wa Winifred. Mwenye posta alitupa barua na kukimbia. Ila Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kanisa, utaona kundi zima limejazana nje ya nyumba yake: akina mama na vigari vya watoto, akina baba na chupa za chai, mbwa, mabibi na fimbo zao, watoto waliovaa gambuti zilizowazidi. Ndiyo siku yake ya kututembeza. Tunapita geti la kanisani, tunaingia msitu wa Hollin, tunateremka mpaka mtoni, tunaufuata mto hadi kwenye mawe ya kuvukia, tunakula mikate ya jibini tumekaa kwenye nyasi zilizolowa, tunarudi. Matembezi ya kitoto kabisa, hata mwenye goti bovu anayaweza. Na njia nzima Winifred anafoka.

"We Tomos, hicho kitunguu pori usikikanyage, kitakunukia mpaka Alhamisi!"

"Mama Tomos, mwanao ana miguu, mbona umembeba kama gunia?"

"Nani wa mwisho? Funga geti!"

Watoto walimpenda, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu aliwafokea sawasawa na wakubwa. Nami nilikwenda kwa sababu mume wangu alikwenda, kisha watoto wangu, kisha mazoea. Lakini nilikuwa na macho. Jioni ya Jumamosi ya kabla ya matembezi taa ya jikoni kwake huwaka mapema, na ukipita unamwona anapaka gambuti zake mafuta, anaziweka mlangoni zikitazama nje. Siku nyingine zote za mwezi mapazia yamefungwa. Njia ile ingekufa, nani tena angegonga pale? Alilijua hilo, na kila mtu alilijua, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema.

Msitu wa Hollin haukuwa wetu. Ulikuwa wa Bi Honor Lacon wa nyumba kubwa, na alipofariki ukanunuliwa na Bwana Piers Thorold kutoka London, mtu wa suti za kijani na tabasamu la kupima. Miezi miwili hajamaliza, akaweka kufuli kwenye geti la msitu na waya wa miba mpaka mtoni. Tulipomwendea alisema kwa upole kwamba ana ndege wa kufuga humo, na njia ile haimo kwenye ramani ya serikali kama njia ya umma. Hapo alisema kweli. Ilikuwa njia ya mazoea tu.

Lakini kwetu mazoea nayo yana sheria yake, na kila mtoto wa mashambani anaijua. Watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, ikihesabiwa kurudi nyuma tangu siku njia ilipozuiwa, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kupiga hodi, njia inakuwa ya umma milele, mwenye ardhi apende asipende. Shida iko kwenye hodi. Ukishaomba ukaruhusiwa, wewe ni mgeni, na mgeni hadai njia. Sheria hiyo inamtaka mtu awe na adabu mbaya kwa miaka ishirini, na imetungwa kwa ajili ya taifa linaloomba radhi kwa viti! Nimeona vijiji viwili vikipoteza njia zao kwa sababu bibi mmoja aliyelelewa vizuri alimpungia mwenye shamba mkono na kusema, "Tunaweza kupita?"

Ndiyo maana tulijiona tumeshinda kabla ya kuanza. Tulikuwa na Winifred.

"Mwanamke yule hajawahi kumwomba mtu hata chumvi," Godfrey alisema kikaoni, tukacheka. "Mungu kamuumba kwa ajili ya kesi hii."

Tukapeleka madai, na mkaguzi wa serikali akaja kuamua, akaketi ukumbini chini ya picha za maonyesho ya maua, watu wakajaa hadi kwenye ngazi. Wakili wa Thorold alikuwa binti mmoja mwenye sauti ya asali. Akaanza na sisi wengine.

"Bi Onslow, unaonekana mtu muungwana. Ulipita kwenye ardhi ya mwenzio miaka yote hiyo, hukuwahi kuomba?"

Carys Onslow, mama wa Tomos na wa mapacha, akawa mwekundu mpaka masikioni. Ungedhani anaulizwa kama amewahi kuiba. "Hapana," akanong'ona. "Samahani."

Nami nikaulizwa, nikasema hapana. Mzee Gittins akasema hapana, kofia ikizunguka mikononi. Kila mmoja aliteremka pale mbele na aibu ya kukiri kwamba hana adabu.

Kisha Godfrey, ambaye hakuulizwa ya ziada, akaongeza ya ziada. "Bi Lacon hakuwa mtu wa kuruhusu kitu," akamwambia mkaguzi. "Tumsamehe marehemu, lakini alikuwa mkono wa birika. Hakutaka watu. Kama tungeomba angetufukuza na mbwa." Tulikuwa tumepanga aseme hivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia akazie maneno. Kumbe nyuma yangu Winifred alikuwa amekaza taya, na kofia yake ya sufu ameishika kama anataka kuinyonga.

Akaitwa yeye wa mwisho. Akaenda na gambuti zake, akakaa, akamtazama wakili kama sufuria iliyooshwa vibaya.

"Bi Beddoes," binti akaanza, "wewe ndiye uliyeongoza matembezi haya miaka yote. Je, uliwahi kumwomba Bi Lacon ruhusa?"

Ukumbi mzima ukatabasamu. Kilichobaki ni hapana moja tu. Bi Lacon kaburini, shahidi hakuna, na Thorold alikuwa ameshaanza kuchukua koti lake aondoke.

"Ndiyo," Winifred akasema.

Wakili mwenyewe alishtuka. "Samahani?"

"Huna masikio? Nimesema ndiyo. Mara moja. Mumewe alikuwa amefariki, maiti iko bado ndani, na Jumapili ni yetu. Nikaenda mlango wa nyuma, nikavua gambuti, nikagonga. Nikamwambia, watoto watapita na kelele zao, tupite au tuache? Akasema piteni. Akasema, Win, piteni siku zote, nyumba hii imekuwa kimya, nataka kusikia watoto." Akamgeukia Godfrey. "Sasa huyo anayemwita marehemu mkono wa birika anyamaze. Alikuwa na moyo kuliko nyinyi wote humu."

"Hiyo ilikuwa lini?" wakili akauliza, polepole, kama mtu anayenyatia kuku.

"Tomos Onslow alikuwa tumboni."

Tomos alikuwa na miaka minane, amekaa mstari wa mbele na pua inavuja.

"Kwa hiyo kwa miaka minane mmepita kwa ruhusa ya mwenye ardhi."

"Si nimekwambia alisema siku zote?"

Ndivyo alivyomwaga mtama kwenye kuku wengi. Mkaguzi hakuhitaji kufikiri sana. Miaka ishirini ilikatika katikati siku Winifred Beddoes alipokuwa na adabu, mara yake ya pekee.

Jioni ile, kwenye baa, sijawahi kusikia watu wapole wakisema maneno makali kama yale. Godfrey alisema mchawi yule amekitia mchanga kitumbua cha kijiji kizima. Carys alisema anamchukia, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo. Mimi sikuomba radhi. Nilimfuata Winifred hadi kwake nikamkuta anafungua mlango.

"Ungesema hapana tu," nikamwambia. "Neno moja! Nani angejua?"

"Mimi."

"Watoto wako hao sasa watatembea wapi?"

"Sikusikia Godfrey akisema uongo juu ya watoto," akasema. "Nilimsikia akisema juu ya Honor. Nawe ulitikisa kichwa kumkubalia, kama mbuzi." Akaingia. Nilibaki pale nje nimejaa hasira, na hasira ikazidi kwa kuwa nilikuwa kweli nimetikisa kichwa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ikaja. Sikwenda kumgongea, wala sikuona aliyekwenda. Niliteremka kutoka kanisani nikiwa nimejiapiza kwenda moja kwa moja nyumbani, nikakuta kundi limesimama kwenye geti la msitu. Thorold alikuwapo, suti yake ya kijani, kufuli mkononi, geti ameliachia wazi.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi si mtu mbaya. Sikutaka tu mnidai. Njia ipo, wapendwa, na watoto wanakaribishwa. Niombeni, nitafungua kila mwezi. Ni neno moja tu."

Watu wakatazamana, na nyuso zao zikalegea kwa furaha. Kuomba! Kazi gani hiyo? Godfrey alikuwa tayari amevua kofia. Hapo Winifred akatokea kwenye kona ya ukuta wa kanisa, peke yake, gambuti zinang'aa kwa mafuta, na kundi likampisha njia, si kwa heshima bali jinsi unavyompisha mtu mwenye upele.

"Bi Beddoes," Thorold akasema, tabasamu lake la kupima limewekwa sawa. "Nitafurahi kama ombi litatoka kwako."

"Omba, Win," Godfrey akasema, akifyonya. "Umetuharibia, sasa tutengenezee. Omba, mwanamke!"

Tomos akamshika mkono. "Bibi Win, tunaingia?"

Winifred alilitazama geti. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake, mlango wake usiogongwa nao ulikuwa nyuma yake, na bei ilikuwa tafadhali moja. Nami, na ubaya wangu wote, nilitaka aseme. Nilitaka kumsikia akisema.

"Kwenye nyumba ile kubwa nilishapiga hodi mara moja," Winifred akamwambia Thorold. "Aliyefungua alinipa siku zote. Wewe una nini cha kuniongezea?"

Akamrudisha Tomos kwa mama yake, akageuka, akashika barabara ya lami, ile yenye kona na malori ya maziwa, kando yake hakuna hata pa kuweka mguu.

"Asante sana, Bwana Thorold, umetutendea wema," nikasikia Godfrey akisema, na wengi wakaanza kuingia msituni wakiinamisha vichwa, asante, asante, asante sana. Carys alisimama na kigari chake katikati. Tomos hakusimama, alikuwa ameshachomoka, anamkimbilia Winifred, gambuti zinapiga paka-paka kwenye lami. Basi Carys akafuata akilalamika, na mzee Gittins akafuata, na mbwa wake. Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa geti. Nilijua bado namchukia. Nikauachia nikaenda.

Tulikuwa hatujafika mbali, tumejipanga mmoja mmoja kwenye ukingo wa majani, pale Winifred alipogeuka nyuma. Hakututazama sisi. Alimtazama Thorold, aliyekuwa bado amesimama na kufuli lake, geti wazi, na kondoo wawili wa Gittins wamekwisha kulikaribia.

"Wewe!" akafoka. "Funga geti!"

Akafunga.