Moyo Uliofunika Kibuyu

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa kuhariri picha na video mjini Kericho, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mbolea. Chuo chetu kilikuwa na kompyuta moja ya kuandikia majina, maikrofoni moja, deki mbili za kaseti, na mashine ya kuchanganya picha iliyoletwa kutoka Nairobi ikiwa imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Mashine hiyo ilikuwa na kifungo cha nyota, cha mlango unaofunguka, na cha moyo. Mwalimu alituonya kwamba vifungo hivyo ni kama chumvi kwenye mboga. Nilimsikia vizuri, ila mimi nilipenda chumvi.

Nyumbani Roret nilikuwa nimeshajitangaza. Nikirudi Jumamosi, sikutazama vitu kama watu wengine. Niliinua vidole nikatengeneza fremu, nikafumba jicho moja, nikatamka, "Hapa mwanga ni mbaya." Mama alikuwa akichuma chai. Aliniambia kama mwanga ni mbaya nichume kwa kupapasa.

Basi dada yangu akaolewa, na kaseti ya harusi ikaangukia mikononi mwa mtaalamu huyo.

Shemeji alikuwa kijana mpole. Wazazi wake walihamia kutoka milima ya jirani kuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, na kwao maziwa yalikuwa kitu cha kutia kwenye chai, basi. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Kogo, hakuwa na neno na kabila la mtu. Neno lake lilikuwa moja tu: anayeoa kwetu anakunywa mursik, maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na anayanywa mbele ya watu. Asipokunywa atabaki mgeni. Kibuyu alikitayarisha mwenyewe, lakini siku chache kabla ya harusi aliteleza kwenye matope akateguka mguu, ikabidi shangazi akipeleke harusini. Shangazi alirudi akisema kijana amekunywa vizuri sana.

"Wewe hata mvua ikinyesha unasema ni jua kidogo, ndio watu wasigombane," Kogo akamwambia. "Mimi nitaona kwa video."

Dada yangu aliposikia hayo alinifuata hadi chuoni. "Usicheze na hiyo kaseti," alisema. "Kogo akikataa bwana yangu, mimi nitakuwa nikija nyumbani kama mtu wa kupita."

Nilimwambia atulie, kazi iko kwa fundi.

Fundi alitia nyota kwenye viapo. Kwaya ilipoimba, milango ikafunguka na kufungwa. Nilipofika pale maharusi walipoketi kupewa mursik, nikaona hapo ndipo pa moyo. Nilichukua picha yao ya kanisani wakitabasamu, nikaigandisha katikati ya moyo mkubwa mwekundu, nikaiacha ifunike skrini nzima mpaka mambo ya kibuyu yaishe. Sikutazama hata kilichokuwa chini yake. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona watu wakinywa mursik, sikujua mtu angetaka kutazama nini hapo.

Siku ya kuonyesha tuliazima deki na jenereta ya kanisa. Majirani wakajaa mpaka mlangoni. Televisheni ya Kogo haikuwa na rangi, kwa hiyo moyo wangu ulitokea wa kijivu. Kogo akanyoosha fimbo, akagusa kioo.

"Hii ini ni ya nini?"

"Ni moyo, Kogo. Ni mapenzi."

"Toa."

"Haiwezi kutoka, Kogo."

"Kibuyu yangu iko nyuma yake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mimi sijaona mtu akikunywa." Akaomba ashikwe mkono arudi kitandani. Dada yangu hakulia wala hakunitukana. Alinitazama tu, na ningeshukuru kama angenitukana.

Jumatatu nilikimbilia chuoni. Kwa bahati, hakuna aliyekuwa amerekodi mazishi ya mtu juu ya kaseti ya kwanza, ile iliyotoka kwenye kamera. Niliiweka kwenye deki, nikatazama. Shemeji alipokea kibuyu, akakiinua kwa heshima, akaonja. Uso wake wote ukajikunja kama wa mtu aliyeng'ata ndimu. Akamrudishia shangazi upesi, akajifuta mdomo kwa tai. Kumbe moyo wangu wa kipumbavu ulikuwa umemsitiri.

Safari hii nilifanya kazi kwa woga, na nadhani ndiyo siku niliyoanza kujifunza. Nilichukua pale anapokiinua, nikakata kabla uso haujakunjika. Nikatia shangazi akicheka. Nikamrudia shemeji akiinua tena, polepole. Nikatia akina mama wakipiga vigelegele, kisha shemeji tena, kibuyu juu. Kumeza hakukuwepo, kwa hiyo nilijirekodi mwenyewe nikigugumia maji ya bomba mbele ya maikrofoni mpaka tumbo likauma. Mwalimu alifungua mlango, akanitazama, akaufunga bila kuuliza.

Jenereta ikawashwa tena. Kibuyu kikapanda, na koo langu likasikika Roret nzima: gudu, gudu, gudu.

"Huyu amemaliza!" Kogo akapiga kelele. "Anakunywa kama ndama!" Alidai irudishwe nyuma, atazame tena. Dada yangu aliukamata mkono wangu kwa nguvu, na mimi nikasikia raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye kifungo chochote.

Krismasi shemeji alikuja kutusalimia. Majirani walipewa vikombe. Shemeji, Kogo alimwekea mapajani kibuyu kizima.

"Hii ni yako peke yako. Usigawie mtu."

Shemeji akaniinamia. "Nani aliambia Kogo mimi napenda hii kitu hivi?"

"Aliona kwa video," nikamnong'oneza.

"Lakini mimi nakumbuka nilionja tu."

"Video inaonyesha ulimaliza."

Alitafuta kumbukumbu yake kwa uso wa mtu mwaminifu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kama iko kwa video," akasema mwishowe, "basi nilimaliza."

Akakiinua. Uso ukaanza kujikunja vilevile, na hapo hapakuwa na deki ya kukatia. Lakini Kogo alikuwa ameshafumba macho, ametega sikio, anamsikiliza akimeza. Naye alimeza yote.