Jina la Bi. Mwanaidi

Mwanangu, kila nikikuona umeinamia hiyo kompyuta yako, nakumbuka siku moja ambayo natamani ningeifanya upya. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, ndiyo kwanza nimejifunza kuandika programu kwenye darasa moja la Temeke, na nilijiona hakuna binti wa kunizidi akili Dar es Salaam nzima.

Zahanati moja ya Kunduchi ilipata ugeni wa madaktari wa macho, wa siku tatu tu. Nikaombwa nitengeneze programu ya kupanga wagonjwa. Niliyaweka majina kwenye safu, kila jina na nafasi yake yenye namba, na namba hiyo ndiyo zamu ya kufanyiwa upasuaji. Nafasi ya nne alikuwa Bi. Mwanaidi, mjane aliyekaanga samaki pale sokoni, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Nafasi ya thelathini, siku ya mwisho, alikuwa fundi cherehani aitwaye Zuhura. Siku hiyo ilikuwa ya harusi ya bintiye, akaomba wabadilishane. Bi. Mwanaidi akakubali bila kinyongo.

Kubadilisha majina ikawa kazi yangu, nami nikaiona ndogo mno. Niliandika mistari miwili. Wa kwanza uliweka jina la Zuhura kwenye nafasi ya nne. Wa pili ulichukua jina lililopo nafasi ya nne na kuliweka nafasi ya thelathini. Umeliona kosa? Mstari wa pili ulipofika pale, Bi. Mwanaidi hakuwepo tena, wa kwanza ulishamfuta. Zuhura akawa na nafasi mbili, na yule aliyempisha hana hata moja. Sikuisoma orodha. Niliichapa, nikaipeleka, nikaenda zangu Sinza kula chipsi.

Siku ya mwisho Bi. Mwanaidi alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, amejitanda khanga mpya. Zamu ya thelathini ilipofika, nesi akamwita Zuhura, akaita tena, hakuitika mtu, akachukua mtu wa akiba. Bi. Mwanaidi akaendelea kungoja lisomwe jina lake mwenyewe. Jioni madaktari wakafunga mizigo. Walirudi baada ya mwaka mzima. Katika mwaka huo, kwa kutoona vizuri, mama wa watu aliungua mkono wa kulia kwa mafuta ya moto.

Habari iliponifikia nilikwenda kumwomba radhi, mkono wake bado una bandeji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nieleze ulivyofanya."

Nikamweleza mstari wa kwanza na wa pili. Akasema, "Mie hapa nina makarai mawili, la samaki na la mihogo. Nikitaka kubadilishana mafuta yake, kwanza natafuta sufuria tupu. Ya huku nayaweka humo, ndo namimina ya kule. Hilo hamkufundishwa?"

"Tulifundishwa, bibi."

"Basi ulikuwa na haraka. Na ulipomaliza, hukunitafuta kwenye karatasi yako."

Ningeona nafuu kama angenitukana.

Mwaka uliofuata madaktari waliporudi, alifanyiwa upasuaji. Alipofunguliwa bandeji machoni, nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Kumbe we mtoto kabisa," akasema, akanishika shavu kwa mkono ule wenye kovu. Nililia mbele za watu, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaweka kitu mahali pa kingine, kihifadhi kwanza kile unachokiondoa. Tenga nafasi ya tatu, hata kama ni mstari mmoja wa ziada. Ukimaliza, isome orodha jina kwa jina, na umtafute hasa yule aliyekubali kumpisha mwenzake, maana huyo hatapiga kelele. Mwenyezi Mungu aitulize mikono yako, na asikujaalie siku ambayo mtu atakaa kwenye benchi akisubiri kuitwa, na jina lake umelifuta wewe.